Jani Lisilokataliwa

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Marangu, utayaona masale yamepandwa kuzunguka vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Jirani akiyaona anajua hapa pana mwenyewe. Jani la mmea huohuo hubebwa na mtu anayekwenda kuomba radhi, na mila inamtaka aliyekosewa asilikatae. Limezima ugomvi mwingi wa mipaka na wa ndugu kwa ndugu, wala mimi si wa kulibeza.

Kinachonitatiza ni pale linapoletwa kwa mke aliyepigwa. Amekimbilia kwao, mume kaja na wazee, pombe ya mbege imeshanywewa, jani liko mbele yake. Atasema nini? Husamehe yule anayeweza pia kukataa. Asiyeweza, anatamka tu. Kinywa chake kimesema "yameisha," moyo unajua hayajaisha, na kati ya mashahidi hao wawili ukoo mzima umemwamini mmoja. Yakijirudia mara ya tatu, ya nne, naye huanza kumshuku yule wa pili. Labda nakuza mambo. Labda nilimjibu vibaya. Usiku anasikiliza mlango. Kwa kishindo cha hatua tu anajua kama leo watakula au atapigwa. Anajua mengi kiasi hicho, na bado anajiita mwoga.

Wanawake zaidi ya 1,000 waliohudhuria kliniki ya wajawazito hapa Moshi walifuatiliwa hadi baada ya kujifungua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kupata sonona baada ya uzazi. Ukatili wa maneno ulihesabiwa pia. Sijui nani angebeba isale kwa ajili ya matusi.

Kikao cha wazee nacho kina swali lake: "Kwani ulimkosea nini?" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ililifunga zamani. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Hakisemi "bila sababu". Sababu yenyewe haisikilizwi. Miaka zaidi ya 50 baadaye swali lingali hai, na linapoishi kwa raha zaidi ni kichwani mwa mwanamke mwenyewe, ambako hata dawati la jinsia la polisi halina mlango.

Nitaambiwa: asiporudi, aende wapi? Kihamba ni cha ukoo wa mume, migomba aliyoipalilia haihamishiki, watoto ni wa huko. Hoja hiyo ni nzito. Basi isemwe hivyo mbele ya wazee, kwamba amerudi kwa ajili ya watoto na migomba. Kama amemsamehe mumewe, asiulizwe siku hiyo.