Anzia Mwaloni

Mdogo wangu, chuo umemaliza na cheti umekipata. Umerudi Kigoma, uko nyumbani Mwanga au Ujiji, na kila asubuhi unafungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira kuangalia kama kuna tangazo jipya la watu wa kompyuta. Endelea kuomba. Usiache ipite hata nafasi moja inayokuhusu. Lakini kati ya tangazo na tangazo kuna wiki nyingi, na wiki hizo ni zako mwenyewe. Nakuomba uzitumie kuijenga kazi yako ya kwanza kwa mikono yako, na pa kuanzia ni karibu, nauli ya bodaboda tu.

Nenda mwalo wa Kibirizi alfajiri, mitumbwi ikiingia. Mtafute mama anayeuza dagaa kwa mkopo, msalimie vizuri, msaidie kubeba kama kuna cha kubeba, kisha muombe akuonyeshe daftari lake la madeni. Utakuta limelowa na kukauka mara nyingi mpaka pembe zimejikunja. Sema kuna "Mama Zuhura 90,000", na chini yake "katoa 50". Ile 90 imekatwa mstari, pembeni imeandikwa 40 kwa kalamu ya rangi nyingine. Kurasa chache mbele yuko Mama Zuhura mwingine, wa Katonga. Mwenye daftari anawajua wote wawili kwa sura, ila binti yake anayeachiwa biashara siku mojamoja hawajui. Kuna deni lililolipwa nusu kwa M-Pesa. Ujumbe umebaki kwenye simu na daftarini haupo. Ukurasa mmoja umechanika, na pesa za ukurasa ule zimekwenda nao.

Soma daftari hilo kwa makini uligeuze kuwa programu ya simu, maana maswali ya usaili yamo humo. Akina Mama Zuhura wawili wanakufundisha kwamba kila mteja lazima awe na namba yake isiyogongana na ya mwingine. Mstari uliokatwa unakufundisha kwamba kumbukumbu ya pesa haifutwi: kila malipo yanaongezwa kama tukio jipya lenye tarehe, na salio linakokotolewa. Mtandao ukisumbua hapo ufukweni, programu yako inapaswa kuhifadhi kwanza kwenye simu na kupeleka kwenye seva baadaye. Na je, mama na binti yake wakiandika malipo yaleyale, kila mmoja kwenye simu yake, wakiwa nje ya mtandao? Hapo hata wahandisi wazoefu wanakuna vichwa. Ukilitatua hilo kwa wateja 40 wa mchuuzi mmoja, umekwishashika tatizo ambalo benki nazo zinashughulika nalo.

Sasa sikiliza jambo ambalo mwenzako wa Dar es Salaam hawezi kulijua kama wewe. Programu nyingi za madeni zimeandikwa kwa watu wenye mshahara, kwa hiyo zinadai mwisho wa mwezi. Ziwa letu halina mwisho wa mwezi wa namna hiyo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huvuta usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika na pesa mwaloni hupungua. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu hivi, nao haulingani na Januari wala Februari. Halafu mwaka 2024 ziwa likafungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi 3 mizima, ili samaki wazaliane. Programu isiyojua hayo ingemwandika kila mchuuzi wa Kibirizi kuwa mdaiwa sugu. Yako itakokotoa siku za giza na kupanga tarehe za kulipa kwa kuzifuata, na itakuwa na mahali pa kusimamisha madeni ziwa linapofungwa. Siku utakapoulizwa kwenye usaili kwa nini umeipanga hivyo, utajibu bila kukariri, kwa sababu umeyaona.

Tumezoea kuambiwa Kigoma mwisho wa reli. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na toka hapo wapo waliodhani kwamba mambo mazuri huanzia Dar na kutufikia sisi yakiwa yamechoka. Usikubali hata kidogo! Umeme nao usiwe kisingizio: mwaka 2022 mkoa uliunganishwa na gridi ya taifa baada ya miaka mingi ya majenereta ya mafuta. Huna kompyuta mpakato? Inauma, najua, na sitakudanganya kwamba simu inatosha kwa yote. Lakini hata simu ya Android inaendesha Python, na hesabu za salio na za siku za giza unaweza kuzianza leo humo.

Na usidhani mifumo mikubwa huandikwa na watu wa mbali tu. Ile namba ya malipo unayopewa unapolipia ada au leseni ya serikali inatoka kwenye mfumo wa GePG, uliojengwa na wataalamu wa hapahapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vijana wanaoandika sehemu za DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika katika nchi nyingi duniani, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mwaka 2015 wanafunzi wa chuo hicho na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani Dar es Salaam, katika mradi wa Ramani Huria, wakichora mifereji na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko. Walikuwa bado wanafunzi, na ramani waliyochora ikatumika.

Kazi yako nayo iweke hadharani. Fungua akaunti GitHub, weka msimbo, andika maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza: tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini kikashindikana, nani anaitumia. Lakini majina na madeni ya kweli ya wateja yasionekane humo kamwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna heshima ya mama aliyekuamini akakufungulia daftari. Tunga majina ya mfano.

Kisha mtoze yule mama pesa. Kidogo, mnayokubaliana, lakini mtoze. Anayelipa hukwambia ukweli kitu kinapokwama, na kwenye wasifu wako utaandika "mteja wa kwanza" bila kutia chumvi. Mchuuzi wa pili atakuja kwa kusikia kwa wa kwanza. Baada yake huenda ni wakamuaji wa mawese, au chama cha kuweka na kukopa cha mtaani kwenu. Ukiitwa kwenye usaili wa vitendo Dodoma, utakaa mbele ya kompyuta ukiwa mtu aliyekwisha kurekebisha hitilafu huku mteja amesimama anasubiri kupima dagaa. Hofu ya chumba cha mtihani haitakuwa na nguvu ileile.

Leo angalia mwezi. Hesabu siku zilizobaki kabla giza halijarudi, maana likirudi mwalo utajaa na madeni mapya yataandikwa. Kufikia usiku huo, ukurasa wa kuandikisha wateja uwe unafanya kazi kwenye simu ya yule mama.