Je, Kucheza na Mtoto ni Upuuzi?

Jirani yangu mmoja alinijia msikitini baada ya swala ya alasiri, uso umemwinama. Mjukuu wake wa miaka mitano hasemi, akiitwa hageuki, na kutwa kazi yake ni kupanga vifuniko vya chupa. Daktari amewaambia kuwa mtoto ana usonji, akawaelekeza kwa bibi mmoja afanyaye tiba ya mchezo. "Sheikh," akaniambia, "huyo bibi hukaa chini na mtoto saa nzima wakacheza, kisha akalipwa. Mimi nitoe pesa mtu acheze? Na dunia yenyewe Mwenyezi Mungu ameiita mchezo na upuuzi!"

Suala hili si la kuchekwa. Anachelea israfu, na nyuma yake mna khofu nyingine asiyoitamka: kwamba wakati unapotea ambao mtoto angesomewa atolewe pepo.

Usonji si pepo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliojitenga na watu tangu utotoni na wasiotaka chochote kibadilike. Baada yake wakatokea wataalamu waliowatia mama hatiani, ati mtoto amekuwa hivyo kwa kukosa mahaba ya mamake. Bruno Bettelheim alilieneza neno hilo kwa kitabu chake cha 1967, ingawa Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mwana wa namna hiyo, alikwisha kulipinga kwa hoja mwaka 1964. Leo yajulikana kuwa ni hali ya ukuaji wa ubongo, na urithi una sehemu kubwa. Nimelirefusha hili makusudi, maana kwetu pia mko mama wanaoambiwa na mawifi kuwa walikula kitu au walipita mahali wakiwa na mimba. Ni dhulma, itoke kwa wifi au kwa profesa.

Ama hiyo tiba, nilikwenda kuitazama. Yule bibi hamvuti mtoto. Hukaa mkekani, na akiona mtoto anapanga vifuniko, naye huchukua kimoja akakipanga, kimya. Siku nyingi hupita hivyo. Kisha siku moja hukizuia kifuniko kiganjani akangoja. Mtoto akikitaka humgusa mkono, au hutoa sauti, au humtupia jicho. Hapo mazungumzo yameanza! Baadaye huja zamu: mara yangu, mara yako. Haiondoi usonji, na mwenye kuahidi kuuondoa, awe tabibu au mganga, ni wa kukimbiwa. Lakini humfungulia mtoto mlango wa kuambiana na watu.

Sasa tazameni Mtume wetu (s.a.w.). Alisujudu siku moja akiswalisha, sijida ikawa ndefu hata watu wakadhani limezuka jambo. Walipomwuliza, akawaeleza kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka. Swala ya jamaa, Masahaba wamejipanga, na wote wanangojea mtoto mdogo amalize mchezo wake! Na kijana Abu Umair alipofiwa na ndege wake, Mtume hakumwambia kuwa ndege si kitu. Alimwuliza habari za ndege. Aliingia katika jambo la mtoto kwa mlango wa mtoto mwenyewe.

Tena fikirini. Asiyefikia akili ya taklifu, sharia haimwandikii dhambi. Huyu mtoto basi hatudai kitu, wala hatuna haki ya kumdai aje kwetu. Njia iliyo baina yetu naye, mwenye kuamrishwa kuitembea ni sisi.

Nilimjibu jirani: ujira wa mwenye ujuzi ni halali, akiwa nao atoe. Lakini asidhani amekwisha. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi, na msingi wake ni mchezo na kazi za kila siku za nyumbani. Babu anaweza kukaa mkekani nusu saa. Kumsomea mtoto Fatiha na kumwombea dua ni kheri. Kumfunga kamba na kumpiga ati atoke jini ni haramu.

Na mimi si msafi katika haya. Miaka yangu ya mwanzo ya kusomesha nilikuwa na mwanafunzi asiyejibu alipoitwa, akipanga juzuu za wenzake kwa ukubwa wakati wao wanasoma. Nilimwona jeuri. Nilimchapa bakora, zaidi ya mara moja, kisha nikamrudisha kwao. Mamake hakunilaumu, na hilo limenikaa moyoni kuliko lawama.

Yu hai, ni mtu mzima. Baada ya kuonana na yule bibi nilimwendea kumtaka radhi. Nilimkuta mlangoni mwa msikiti wa mtaani kwao, akipanga viatu vya waswalio, jozi kwa jozi. Nikasema niliyokuja kuyasema, hakugeuka. Nikavua makubadhi yangu nikayaweka mwisho wa mstari. Akayatazama, akalisogeza la kushoto kidogo, likanyooka.