Mapumziko ya Shule na Malezi ya Utu

Wazee wetu walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kati ya mama na ulimwengu ipo shule; na ndani ya shule ipo saa ndogo ambayo wengi huihesabu kuwa si kitu, nayo ni saa ya mapumziko. Yafaa tujiulize: saa hiyo ni mali ya nani?

Na tumtazame mtoto wa Rufiji. Katika delta, wilayani Kibiti, huko Salale, Mbuchi na Kiongoroni, yuko afikaye shuleni kwa mtumbwi kupitia mikoko, akiyafuata maji yanavyojaa na kupwa. Bondeni, mpunga ukomaapo, mwenziwe huketi dunguni akiamia ndege. Nyumbani humtii mzazi, darasani humtii mwalimu. Kengele ya mapumziko ilipopo ndipo hutii kanuni waliyoiweka watoto wenyewe.

Na kanuni hiyo si nyepesi. Katika kombolela mtafutaji hufumba macho, na hapana amzuiaye kuchungulia ila dhamiri yake. Katika rede aliyepigwa na mpira hutoka. Akikana, wenzake humhukumu papo hapo, bila kiboko. Mkorofi hukosa wa kucheza naye mpaka ajirudi.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imjenge raia mwenye kufikiri na kushirikiana na wenzake kwa usawa. Wengi walilikumbuka jembe, wakausahau uwanja.

Wapo wasemao kuwa mtihani u karibu, hivyo mapumziko yageuzwe kipindi, au mvivu afungiwe darasani wenzake wachezapo. Lakini aliyeshindwa hesabu akinyimwa na mchezo amepata hasara mbili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeutaja mchezo na mapumziko kuwa haki katika ibara ya 31; na haki haitolewi kama zawadi kwa wapendwao tu.

Hatusemi watoto waachwe wasiangaliwe, kwani mwenye nguvu huweza kumwonea mnyonge. Mwalimu na akae kivulini, aone, aamue pale tu watoto washindwapo kuamua.

Taifa lahitaji watu wawezao kukiri kuwa wamepigwa na mpira, wakatoka mchezoni bila kusukumwa. Tabia hiyo huanzia uwanjani.