Bado Tunapanga

Mimi na mke wangu tumepanga Kayole miaka 14. Kila Krismasi tukienda nyumbani naulizwa, "Bado unamlipia landilodi?" Mwaka jana nilikaribia kuchukua mkopo wa sacco ninunue ploti Joska. Nikapiga hesabu: makato yangemeza karo ya kifungua mimba wetu na pesa tunazomtumia mama.

Sisemi kumiliki ni dhambi. Yeremia alinunua shamba huku mji umezingirwa na adui. Na anayepanga huweza kuhamishwa wakati wowote, hilo nalijua. Lakini Ibrahimu, pamoja na utajiri wake, alikaa hemani; shamba alilonunua kwa shekeli 400 lilikuwa la kumzikia Sara. Paulo naye aliishi Rumi miaka 2 katika nyumba ya kupanga, akiwapokea wote waliomjia.

Hapo nikajiuliza: nataka nyumba, ama nataka watu wanyamaze? Jibu lilinitia aibu. Miaka hii yote nimekataa ushirika wa nyumbani usije kwetu, nikisema, "Tukishajenga."

Ploti itangoja. Alhamisi hii karibuni kwetu. Viti ni vitatu, lakini mkeka upo.