Haki ya Mwili

Je, mwili huu ninaoubebesha vyuma ni mali yangu, niutumie nipendavyo? Naamini ni amana. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kukesha akisali, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa hata ibada ina kiasi, sembuse kunyanyua vyuma?

Misuli huimarika wakati wa mapumziko. Kano, zinazopata damu kidogo, hupona polepole zaidi. Kijana ninayemfundisha akichuchumaa na chuma mabegani, mgongo ukaanza kupinda, humwambia: "Rudisha chuma, mwanangu. Tupunguze kilo." Wiki ya mzigo mwepesi huipanga mapema, kabla maumivu hayajaidai. Kulala vya kutosha si uvivu; ni kumtii Mwenye amana.