WASIA JUU YA KUWATUNZA WAZEE WALIOPISWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetuleta duniani tukiwa dhaifu, na akipenda huturudisha katika udhaifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baadu:

Enyi ndugu zangu Waislamu, jueni ya kwamba katika umri iko daraja ambayo Qur'ani imeitaja, katika Suratun-Nahl na Suratul-Hajj, kuwa ndiyo duni kupita zote: mtu huifika hata asijue alilokuwa akilijua. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kwa Mola wake asirudishwe huko. Basi jambo aliloliombea kinga Mtume si la kuchekwa, wala aliyefikwa nalo si wa kukaripiwa.

Hali hiyo sisi husema mzee amepiswa. Madaktari wasema ni maradhi ya ubongo, nayo ni namna nyingi. Iliyoenea kuliko zote huitwa kwa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa mwaka 2021 walikuwako watu milioni 57 wenye maradhi haya, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Twaamini kuwako kwa majini. Lakini si kila mzee apigaye kelele usiku ana jini, wala si kila bibi asemaye peke yake ni mchawi.

Alama zake ni hizi: huuliza neno moja mara kumi; huwatuhumu watu wa nyumbani kuwa wamemwibia; hutoka akapotea njia; huona watu wasiokuwako; hukesha usiku akasinzia mchana; na wengi huzidiwa jua likielekea kuchwa. Mwingine huketi pembeni kimya, asitake lolote. Huyu husahauliwa kwa kuwa hasumbui, naye ni mgonjwa kama mwenziwe.

Nitawaeleza lililonifika mimi mwenyewe, ijapokuwa ni aibu yangu. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa amekwisha kusahau majina ya wajukuu wake. Kisha, kwa muda wa siku mbili tu, tabia yake ikageuka: akapiga kelele usiku kucha, akamtukana mke wangu kuwa amemwibia kanga, akanipiga kwa bakora nilipotaka kumwosha. Majirani wakasema avukizwe ubani. Na mimi, niwafundishaye watoto wa chuoni heshima ya wazazi, nikamnyanyulia sauti. Siku ya nne tukampeleka kwa daktari. Akampima mkojo, akaona una maradhi. Tena hakuwa amekwenda choo kwa siku tano. Alikuwa akiungua kila ajisaidiapo, wala hakuwa na neno la kutwambia. Akapewa dawa na maji ya kutosha. Baada ya juma moja fujo likatulia, usahaulifu ukabaki. Nikamwomba radhi. Akatabasamu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Basi zingatieni, ndugu zangu. Mwili wa mzee huyu husema kwa matendo yale ambayo ulimi wake umeshindwa kuyasema. Akigeuka ghafula, msitafute kwanza mganga wa kupunga. Tazameni: je, ana homa? Jino lamuuma? Amekunywa maji? Amepata choo? Ana jeraha asiloweza kulionyesha? Masikio yake yasikia, na macho yake yaona? Amepewa dawa mpya? Kisha mpelekeni kwa daktari upesi, wala msimpe dawa ya kumtuliza kwa shauri lenu, maana baadhi ya dawa hizo huzidisha hatari ya kiharusi na mauti kwa wazee wa namna hii. Asemapo neno lisilo kweli, msishindane naye. Mgeuzieni mazungumzo kwa upole, mwasheni taa kabla ya Magharibi, na mumfuate atokapo.

Ama sheria, aliyeondokewa na akili kalamu imenyanyuliwa juu yake: Sala haimlazimu, wala Saumu. Ambaye akili yake huja na kwenda hulazimika wakati imjapo. Akipenda kusimama nanyi katika safu, msimfukuze kwa kukosea rakaa. Kuuza kwake hakusihi, wala zawadi yake. Amwekeshaye kidole gumba katika hati ya shamba amekula mali kwa batili. Mali yake na iwekewe msimamizi kwa Kadhi. Na katika madhehebu yetu ya Shafi Zaka ya mali hiyo haianguki, bali msimamizi huitoa.

Neno la mwisho ni kwa wanaume. Mke wako hakulazimishwa na sheria kumtumikia mama yako. Afanyapo ni hisani yake, nawe u mdeni wake. Shikaneni zamu, ndugu wote, wa kike na wa kiume, ili mmoja asichoke hata akakosa subira kama nilivyokosa mimi. Ombeni radhi za wazazi wenu wangali wanawajua.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu, utusamehe tuliyowakosea wasiyoyakumbuka, wala usiturudishe katika umri ulio duni. Amin.