Haki ya Kutotafutwa

Elimu ya jamii hutaka kujua jinsi kila mtu aishivyo, na tamaa hiyo si ovu, kwa kuwa asiyejulikana aghalabu husahauliwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Lakini hesabu hiyo kubwa haisemi ni wazee wangapi waliopenda watu wa jinsia yao. Mtafiti atakaye kujua nani huwauguza hao, na nani atawazika, hana budi kuwatafuta. Hapo huzaliwa swali la maadili: je, ni haki kumtafuta mtu ambaye usalama wake umo katika kutoonekana?

Njia ya kuwapata watu waliojificha imekwisha kubuniwa. Mwaka 1997 Douglas Heckathorn, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza njia ya mnyororo: watu wachache huanza, nao huitwa mbegu, kila mmoja hupewa kuponi chache awape rafiki zake, na hao huwapa wengine. Kwa njia hiyo watafiti wa Unguja waliwapata wanaume 509 wajamiianao na wanaume mwaka 2007. Utafiti huo ulihusu virusi vya UKIMWI. Uzee haukuwa swali lake, wala wanawake wapendao wanawake hawakuwamo.

Njia hiyo sasa ipelekwe, kwa mfano, Kaengesa, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Huko watu hulima mahindi, maharage na ulezi, na jirani hujua mbuzi wa jirani. Gari la mgeni likisimama mlangoni mwa mzee asubuhi, jioni kijiji kizima kina habari. Kuponi inayoficha jina mjini hulitangaza kijijini. Tena kijana akifichuliwa aweza kupanda basi kwenda Mbeya. Mzee aende wapi? Shamba lake liko hapo, wajukuu wamchoteao maji wako hapo, na watakaombeba kaburini wako hapo. Mzee huishi kwa mikono ya wengine. Akipoteza heshima yao, hupoteza na chakula chake.

Hofu yake si ndoto. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu huadhibu ngono iitwayo kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Oktoba 2018 Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu hao, akawataka wananchi walete majina. Serikali ilisema baadaye kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe; lakini neno likishatoka, aliyelisikia hulala nalo.

Yupo atakayesema kwamba kuwaacha wazee hao gizani ni dhuluma ya pili. Ana hoja, ila haitoshi. Mtafiti hupata shahada. Mzee hupata nini? Mwaka 1970 Laud Humphreys wa Marekani alichapa kitabu juu ya wanaume waliokutana kwa siri vyooni mwa bustani. Aliandika namba za magari yao, na baada ya mwaka mmoja akawaendea majumbani, amejigeuza sura, kana kwamba anauliza habari za afya. Kitabu kilisifiwa, lakini wenye siri hawakuombwa ruhusa. Wahenga walinena: siri ya mtungi aijuaye kata. Hawakunena kwamba kila apitaye na kikombe ana haki ya kuchota.

Njia ya haki ni kuwaendea wazee wote kwa maswali ya wote: nani anakutunza, nani unamwamini, nini unakihofu? Mlango uachwe wazi kwa atakaye kusema zaidi, wala asisukumwe. Jina lisiandikwe. Asiulizwe habari za mwenziwe, maana mtu aweza kuitoa siri yake kwa ridhaa, lakini ridhaa ya siri ya mwingine si yake kuitoa. Na majibu yakiwa machache, mtafiti akiri hivyo, asidhani uchache wa majibu ni uchache wa watu. Pengo lililoandikwa kwa uaminifu ni elimu. Jedwali lililojazwa kwa hatari ya mzee ni deni lisilolipika.